Mpaka Niliouonyesha

Rangi ilikuwa bado mbichi nilipoigusa. Nilikuwa nimefungua mlango kwenda kumwaga maji ya vyombo, nikaona alama nyekundu ukutani, mistari miwili mikubwa iliyokatana, na chini yake namba saba. Kidole changu kikabaki chekundu. Nilikipangusa kwenye leso niliyojifunga, kisha nikaiogopa hata ile leso, nikaifungua na kuiacha juu ya kamba.

Nairobi hii hakuna asiyejua maana ya alama hiyo. Leo wanakuja vijana wenye jaketi za kung'aa na kopo la rangi. Siku zikiisha, linakuja tingatinga.

Nyumba zetu ni kumi na mbili, nyuma ya Jamhuri, mahali ardhi inapoteremka kuelekea mtoni. Zote zilikuwa zimechorwa. Selpher, jirani yangu wa namba nane, alitoka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Yeye ni fundi wa sare za shule. Alikuja hapa kutoka Vihiga akiwa msichana, na watoto wake wote wamezaliwa katika chumba kile ambacho sasa kilikuwa na alama.

"Mama Waringa, hii kitu imekuja saa ngapi?"

"Sijui, mama. Nimeamka nikaikuta."

Tulimkuta Kinyanjui, mzee wa mtaa, amesimama kwenye nguzo ya stima, akisoma karatasi iliyobandikwa pale. Kinyanjui husoma polepole kwa sababu miwani yake ina kioo kimoja tu kizima.

"Soma kwa sauti basi, mzee," Selpher akamwambia. "Ama hadi tukuchangie chai?"

"Chai ningeikubali," akasema, lakini hakucheka. "Wanasema nyumba zilizo ukingoni mwa mto, wadi ya Kijito, ziondoke. Siku kumi na nne."

"Kijito ni wale wa ng'ambo. Sisi ni Mikaratusi."

"Hapa tumeandikwa Kijito."

"Na barua zetu?"

Kila nyumba ilikuwa na barua ya zamani ya baraza la jiji, ya kupewa kiwanja. Mimi yangu naiweka ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Barua hizo zote zimeandikwa wadi ya Mikaratusi. Kinyanjui alikuwa ameshapiga simu kwenye namba iliyokuwa kwenye karatasi, na aliyejibu alimwambia kwamba kiwanja cha Mikaratusi hakiwezi kuwa ndani ya Kijito, kwa hiyo barua hizo hazihusu nyumba hizi.

"Kumaanisha kuna mtu alihamisha mpaka," Selpher akasema. Aliivua futi shingoni na kuizungusha mkononi mpaka ikawa kama kamba. "Tukiwa hapa hapa. Mimi nataka tu kumjua. Simfanyii kitu. Nataka nimuulize kama na yeye ako na watoto."

Nilirudi ndani, nikakaa kitandani. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipoolewa hapa na Waweru, mwaka wa sabini na tisa, mto ulipita nyuma ya nyumba. Diwani wa wakati ule alikuja na karani wake, akasema wadi inaishia mtoni, upande huu Mikaratusi, ng'ambo Kijito. Baba mkwe wangu alimpa kiti na kikombe cha uji, akamsikiliza, akamshukuru. Diwani alipoondoka, mzee akasema maji hayana kwao, hayawezi kuachiwa kazi ya kulinda mpaka. Akatutuma Dagoretti kwa dada yake tukalete matoka.

Itoka ni mmea wa porini wenye kitunguu chini. Ukiukata unachipua, ukiuchoma unachipua, na mvua ikianza unatoa maua meupe yenye mistari ya waridi. Kwa sisi Wakikuyu ndio alama ya mpaka tangu zamani za mababu. Nilivibeba vitunguu hivyo kwenye kiondo, nikiwa na mimba ya Waringa, na tukavipanda kando ya mto, hatua tano tano, wazee wa pande zote mbili wakitazama. Tulipomaliza, baba mkwe alisema maneno ambayo husemwa. Alisema atakayeuhamisha mpaka huu, mkono wake usimshike mjukuu wake akiwa mzima.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Mjukuu lilikuwa neno la watu wengine.

Mpaka ule ulifanya kazi yake. Mwaka wa themanini na nane, tulipopiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya picha, sisi tulipanga kwenye uwanja wa shule ya msingi huku juu, na watu wa Kijito walipanga kwao. Mzee mmoja wa Kijito alipotea, akaingia kwenye mlolongo wetu, na vijana wakataka kumsukuma. Waweru alimshika mkono, akampa maji, akampeleka mwenyewe hadi kwenye matoka, akamwambia, "Baba, ukivuka hapa uko kwenu." Naikumbuka sana siku hiyo, maana watu wengi walikuwa wakali, na yeye hakuwa.

Halafu ikaja mvua ya tisini na saba. Mto ulifura siku tatu. Siku ya nne tulipotoka nje, ulikuwa umehama. Ulikuwa umejichimbia njia mpya mbele ya nyumba zetu na kubeba jikoni mbili. Kule nyuma palibaki bonde kavu, likaota miiba, baadaye watu wakalima sukuma wiki. Waweru alikufa mwaka uliofuata. Wale wazee walikufa mmoja mmoja. Bado tuliitwa Mikaratusi, na kura tuliendelea kupigia shule ile ile.

Mwaka mmoja kabla ya kaunti kuja, walikuja watu wa kupima wadi upya. Kwetu alitumwa mtu mmoja, jina lake Zedekiah, mtu mzima karibu kustaafu, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Alinikuta nikipanda na mtungi wa maji. Alikuwa na faili na mwavuli na kile kifaa chake cha kupimia, lakini aliweka vyote chini, akanibebea mtungi hadi mlangoni. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Nilimpa chai, akainywa akiwa amefumba macho.

"Mama, vitabu vinasema mpaka ni mto. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na mto wenyewe ndio huu?"

Ningemwambia ukweli, tungelazimika kuzunguka nyuma, tupite kwenye miiba, tuyatafute matoka, tuyafuate mpaka mwisho, hatua mia nne za kuteremka na mia nne za kupanda. Nilitazama ule mguu wake. Nilifikiri ni mambo ya karatasi tu, mambo ya nani achague nani.

"Ndio huu," nikasema. "Usijisumbue, baba. Mpaka unaishia hapa hapa."

Akaandika. Akanipa kalamu nikatia sahihi. Alinishukuru mara mbili.

Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni asubuhi ya rangi. Mwihaki, mtoto wa Waringa, anakaa na mimi, kwa sababu mama yake hufanya usafi hospitalini kule Parklands na hutoka mapema kabla ya jua. Jioni ile alirudi shule akikohoa. Ana miaka kumi, na kila mtoto hukohoa Julai, najua. Lakini niliponyoosha mkono nimpime joto la paji la uso, nilikumbuka maneno ya baba mkwe, nikaurudisha.

"Cucu, mbona unaniangalia hivyo? Niko fiti."

"Vaa sweta."

"Na tunahama? Wasee wa class wanasema hao huja na katapila ukiwa shule. Unarudi unapata hakuna kitu."

"Vaa sweta kwanza, mama."

Siku ya Jumatano Kinyanjui aliniomba niende naye mjini, kwenye ofisi moja yenye michoro ya zamani ya wadi. Alisema mimi ndiye mkongwe kuliko wote, watanisikiliza. Sikupata sababu ya kukataa ambayo isingenitaja. Tulipanda gari Adams Arcade, na njia yote niliomba Mungu ofisi iwe imefungwa.

Ilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na binti mmoja, Janice, aliyevaa sweta ya kijivu yenye kiraka kilichoshonwa vizuri kwenye kiwiko. Hakutuuliza tumetumwa na nani. Alituletea viti viwili, na kwangu akaongeza mto wa kukalia. Kisha akatandaza michoro mezani. Mchoro wa kale ulikuwa na wadi moja kubwa, halafu ukafuata wenye wadi mbili, halafu mwingine, kila mmoja mistari imesogea kidogo, kama nguo inayopunguzwa kila mwaka. Akatuwekea wa mwisho.

"Hapa mstari unapita mbele ya nyumba zenu. Na sababu iko kwenye hii fomu."

Kinyanjui aliinua fomu karibu na kile kioo chake kizima, akaishusha. "Haya maandishi ni ya daktari. Mama Waringa, macho yako ni mazuri. Nisomee."

Niliichukua. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya samawati, mwandiko wa mtu mvumilivu. Mpaka ni mto, umeonyeshwa na mwenyeji, Bi. Nyokabi Waweru, nyumba ya saba. Na chini kulikuwa na sahihi yangu, herufi zimesimama wima kama nilivyofundishwa kwenye masomo ya watu wazima pale kanisani.

"Inasemaje?" Kinyanjui akauliza.

"Inasema mpaka umeonyeshwa na mwenyeji."

"Mwenyeji nani?"

"Hawakuandika jina."

Niliiweka chini. Nilipoinua macho, nilimwona Janice ananitazama. Yeye alikuwa ameisoma. Tulipoingia nilikuwa nimejitambulisha kwake kwa majina yangu yote mawili. Nilingoja aseme.

Janice alikunja ile fomu taratibu, akairudisha kwenye faili.

"Kamati ya mipaka inakaa Alhamisi ijayo, ukumbini kwenu," akasema. "Mchoro huu unaweza kurekebishwa. Lakini hawatasikiliza kelele. Huyo mwenyeji aliyeonyesha ndiye anafaa kuja aseme alikosea, na aonyeshe mpaka wa kweli. Mwingine yeyote ataonekana anajitetea tu."

"Na kama alishakufa?" Kinyanjui akauliza.

"Tuombe yuko hai," akasema, na akanishika kiwiko kunisaidia kuinuka.

Wiki ile sikuweza kula. Ningeonwaje? Ningekaa wapi baadaye, katikati ya watu ambao nimewavunjia nyumba? Na nisiposema, Jumatatu ya pili tingatinga lingekuja, na tungetazamana wote kwenye vumbi, mimi nikijua. Nilipika, nikafua, na kila gari kubwa lilipounguruma barabara ya juu nilisimama.

Selpher hakujua anachonifanyia. Jumanne alikuja na gauni la shule la Mwihaki, amelirefusha upindo. Alikuwa ameona mtoto amerefuka.

"Hapana, hii ni bure," akasema. "Wewe ulinishikia Everlyn akiwa mdogo, siku nimelazwa. Wiki tatu. Unadhani nimesahau?"

"Selpher."

"Eeh."

"Kule nyuma, kwenye sukuma yako. Vile vitunguu vya porini bado vinaota?"

"Hivyo vitu ni vya shetani. Nang'oa, vinarudi. Nimevikata na panga, vinarudi. Tena vimejipanga kwa laini, sijui nani aliviambia." Akanitazama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kamati ilikuwa watu wanne mbele, na Janice pembeni akiandika. Watu wa mitaa mingine walisema yao, sauti zikapanda zikashuka. Kinyanjui alisimama akasema wadi yetu iliibwa na watu wakubwa kwa faida yao, na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna ushahidi. Kinyanjui akasema ushahidi ni sisi wenyewe, tuko hapa, tuna njaa ya haki. Mwenyekiti akaandika kitu kifupi sana.

Niliinua mkono. Ulikuwa mzito kama mtungi.

"Mimi ni Nyokabi Waweru, nyumba ya saba," nikasema. "Mpaka haukuibwa na watu wakubwa. Niliuonyesha mimi."

Nilisikia mtoto akivuta kamasi kule nyuma.

Nilisema yote. Mto ulivyohama, mguu wa Zedekiah, chai, sahihi. Nilisema kwamba mjini nilimdanganya Kinyanjui jina halikuandikwa, na lilikuwa limeandikwa. Sikuweza kuangalia upande wowote, nikawa naangalia kikombe cha maji mbele ya mwenyekiti.

"Mama Waringa," Kinyanjui akasema nyuma yangu, polepole. "Ulinisomea uongo nikiwa nimekaa na wewe meza moja."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa sababu ya mguu wa mtu usiyemjua ukauza nyumba zetu?"

"Sikuuza. Lakini ndiyo."

Mtu mmoja akasema niketi. Mwingine akasema hata nisirudi kule chini. Kisha nilisikia kiti kikisukumwa, na nikamwona Selpher anatoka nje. Hakusema kitu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa kuwa Selpher husema kila kitu.

Mwenyekiti alingoja. "Mama, huo mpaka wa kweli unaweza kuuonyesha? Kitu kinachoonekana, si hadithi."

"Kuna matoka. Tuliyapanda."

Mzee mmoja wa kamati, mwenye mvi, aliacha kuandika. "Matoka yalipandwa? Na mashahidi?"

"Na mashahidi. Nimebaki mimi."

Walinong'ona. Wakasema watakuja Jumamosi asubuhi. Tingatinga lilikuwa la Jumatatu.

Ijumaa hakuna aliyenisalimu. Maji yangu niliyateka peke yangu. Mlango wa namba nane ulikuwa umefungwa, na ndani cherehani haikulia siku nzima. Mwihaki alikuwa bado anakohoa, na nilimpa asali kwa kijiko nikikishika kwa ncha kabisa. Kama Selpher angekataa shamba lake lichimbwe, hakuna ambaye angemlazimisha, na matoka yalikuwa chini ya sukuma yake.

Jumamosi walikuja watatu, Janice na yule mzee wa mvi na kijana wa vipimo. Tulizunguka nyuma. Majirani walifuata kwa mbali, mikono kifuani. Bonde lilikuwa kavu, na pale palipokuwa mto palikuwa na mistari ya sukuma, mbichi na nene. Hakukuwa na ua hata moja. Si majira yake.

"Ni wapi, mama?" mzee akauliza.

"Hapa mahali. Chini." Sikuwa na jembe. Nilipiga magoti nianze kwa mikono.

Kisha nikaona miguu ya mtu ndani ya viatu vya mpira, na ncha ya jembe. Alikuwa Selpher. Hakunitazama.

"Sogea," akasema.

Akalipiga jembe katikati ya sukuma yake mwenyewe. Mara ya kwanza udongo tu. Mara ya pili udongo tu. Labda alikuwa ameviua kweli. Alilima mmea wa tatu, wa nne, majani yakianguka pembeni, sukuma aliyomwagilia kwa maji ya kununua. Mara jembe likagonga kitu kilichotoa sauti laini. Akainama, akakifuta kwa kidole. Kitunguu kikubwa kama ngumi, na pembeni yake vitoto vinne vimekishikilia.

Yule mzee wa mvi alivua kofia. Sijui kama alijua kwamba ameivua.

"Hatua tano," nikasema. "Hesabu hatua tano, Selpher, upande wa mteremko."

Akahesabu. Akachimba. Kipo. Hatua tano tena. Kipo. Kijana wa vipimo akaanza kupiga picha na kuweka vijiti. Kinyanjui alikuja akaomba jembe, Selpher akamnyima, akaenda kuleta lake.

Kwenye kitunguu cha tisa Janice alifunga daftari lake. "Hii inatosha kuandika Jumatatu wasubiri," akasema. "Nyumba zote kumi na mbili zisiguswe mpaka mchoro uangaliwe. Siwezi kuwaahidi zaidi ya hapo. Mama, pumzika. Huko mbele ni miiba, na umeshatuonyesha."

Nilikuwa nimechoka. Magoti yalikuwa yananiuma hadi kwenye nyonga, na mbele kulikuwa na zile hatua, mia tatu na zaidi, miiba mitupu. Nikatazama mahali pa kukaa.

"Hapana," Selpher akasema. Aliongea na Janice, lakini alikuwa ananitazama mimi, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Akae nini? Leo hatusimami hapa. Atembee hadi mwisho."

"Selpher, naomba unisa..."

"Bado, Mama Waringa. Hiyo usiniambie saa hii. Tembea."

Akatoa futi shingoni, akaifunga mara mbili kiunoni mwangu ili leso isinaswe na miiba. Kisha akanipa bega lake nishike. Kinyanjui alitangulia na panga, akifyeka, akinung'unika kwamba wanawake wa mtaa huu watamuua. Nyuma yangu nilisikia kikohozi. Mwihaki alikuwa ametufuata akiwa na sweta, ameshika kitunguu kimoja kidogo chenye udongo.

"Cucu, na hiki tunakirudisha wapi?"

Niliutazama mkono wake ulionyooshwa kwangu. Niliogopa. Bado naogopa, hata ninapoandika haya, na mchoro bado haujarudi, na alama nyekundu iko ukutani. Lakini njia ilikuwa na mashimo, na mtoto alikuwa anateleza.

Nikamshika mkono. Tukateremka.